Maisha 30

Juzi mwanangu kaniuliza, baba, hivi baba mkubwa anajua kucheza gemu? Nikamwambia anajua, tena sana, akaniangalia kama namdanganya, maana baba mkubwa anayemjua yeye ni yule anayekuja kwenye vikao vya ukoo na shati la kunyooshwa, anasalimia, anakaa upande wake, kikao kikiisha anawasha gari. Basi tangu hapo nimekuwa naikumbuka Desemba ya 2017.

Mimi na kaka, huyo baba mkubwa, tuna ishu ya kihamba, yani shamba la ukoo lenye nyumba ya baba, sirudii yote. Kwetu Wachaga kitinda mimba ndo anabaki na nyumba ya baba, na kitinda mimba ni mimi, lakini aliyepaua ile nyumba upya na kulipia matibabu ya mzee mpaka mwisho ni kaka. Sasa hapo umwambie nani kwamba hana haki? Mwaka ule tulikuwa hatuongei, yani kama kuna la kusema anamwambia mama, mama ananiambia mimi, nami hivo hivo.

Nilikuwa naishi Sakina, Arusha, na nilikuwa nimepata Raspberry Pi 3, ile kompyuta ya bodi moja inayoenea kiganjani, RAM 1 GB, matundu manne ya USB, na moja la HDMI la kupeleka picha kwenye TV. Waingereza walivyoitoa mara ya kwanza 2012 lengo lao lilikuwa watoto wajifunze kuandika programu kwa bei ndogo, ila kuna watu wakatengeneza programu ya RetroPie, ambayo unaishusha bure, unaichoma kwenye memori kadi, unachomeka kadi kwenye bodi, ukiwasha tu ile bodi inajifanya karibu mashine yoyote ya gemu ya kale, Nintendo, Sega, mpaka PlayStation ya kwanza. Nilipoisoma hiyo habari sikuwaza gemu, nilimuwaza kaka. Sisi tulikua na Terminator, ile gemu ya kaseti za njano ambayo ndani ni Nintendo ya kuigiza, aliileta baba mdogo kutoka Dar, na kitu tulichokuwa tunakifanya pamoja bila kupigana kwa muda mrefu kidogo kilikuwa Contra tu, gemu ya kupiga risasi ya watu wawili.

Ganda la ile Terminator lilikuwa bado lipo darini kwa mama, bodi yake ilishakufa zamani. Pasaka nikalichukua. Bodi ya Pi inakaa mle ndani na nafasi inabaki, kazi ilikuwa kuchonga matundu ya nyuma kwa kisu cha moto na kupeleka waya mbili za USB mbele pale pedi zilipokuwa zinaingia. Pedi nikanunua za USB zenye umbo la zile za zamani, msalaba kushoto, batani A na B kulia. Kilichonisumbua sana ni chaja. Ukitumia chaja ya simu ya kawaida mashine inawaka vizuri tu, halafu kona ya skrini inatokea alama ya radi ya njano na gemu inaanza kukwama, maana Pi 3 inataka volti 5 na ampea 2.5, chaja nyingi za simu za wakati ule zilikuwa hazifiki hapo. Anayetaka kutengeneza ya kwake aanzie kwenye chaja, mengine yote yanafuata.

Desemba kama kawaida wote tukapanda kwa mama, Kibosho. Mama alikuwa na TV ya chogo, mpaka leo anayo, ina kitambaa cha kufuma juu na saa ya plastiki juu ya kitambaa. HDMI haina. Lakini lile tundu la spika la Pi 3 linatoa na picha pia, kwa hiyo nilikuwa nimebeba waya wa pini moja upande huu na vichwa vitatu upande ule, njano, nyekundu na nyeupe. Nachomeka njano kwenye njano, giza. Kwenye waya za aina ile picha inatoka kwenye kichwa chekundu, nikahamisha, picha ikaja lakini nyeusi na nyeupe, inayumba. Hapo bodi inatoa picha ya mfumo wa Marekani na TV zetu ni za mfumo mwingine, PAL. Nikatoa kadi, nikaiweka kwenye laptopu, nikafungua faili la config.txt, nikaandika sdtv_mode=2, nikarudisha. Rangi zikaja. Watoto wa kaka walikuwa wameshajaa kwenye mkeka wananiita baba mdogo baba mdogo nipe mimi kwanza.

Kaka alikuwa nje na wajomba, kwenye pombe ya mbege. Sikumwita. Nilichofanya niliifungua Contra na kuongeza sauti.

Ule muziki wa mwanzo ni mfupi sana, unaisha haraka, ila akaja. Alisimama mlangoni na glasi mkononi, akaliangalia lile ganda, akaijua. Akaja akakaa kwenye kochi la mama, mwanae wa kwanza akampa pedi bila kuambiwa. Mimi nilikuwa na ile nyingine, nimekaa chini karibu na miguu yake.

Sasa hapa ndo pa kueleza. Tulivyokuwa wadogo kaka alikuwa na maisha 30 kwenye Contra na sisi wengine wote, tukicheza bila yeye, tulikuwa na matatu. Kabla hajaanza alikuwa anageuka, anatupa mgongo, pedi anaificha tumboni, unasikia tu batani zinalia haraka haraka, halafu anageuka tena, gemu inaanza. Akiwa shule mimi nikicheza peke yangu nakufa pale pale msituni. Niliomba, nililia, nilimfulia soksi, hakuniambia. Niliamini ni kitu anacho yeye, kama urefu.

Jioni ile hakugeuka. Aliiweka pedi juu ya goti, mkono wa kushoto akautoa kabisa ili nione vizuri, akabonyeza kwa kidole gumba cha kulia peke yake, polepole, kila batani akaipa muda wake. Juu, juu. Chini, chini. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kile kidole kina kovu la panga la majani ya ng'ombe, kucha imekua imepinda, nilikuwa nakiangalia hicho kidole na siyo TV. B. A. Halafu akaniambia, "Umeona dogo?" Nikamwambia nimeona kaka.

Mimi ile siri nilikuwa naijua miaka mingi. Mtu yeyote mwenye intaneti anaijua, aliiweka Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya gemu ya Konami kwenye gemu ya Gradius ya 1986 kwa sababu wakati anaijaribu ile gemu ilikuwa inamshinda, ikaja kuingia na kwenye Contra ya 1988. Sikusema. Lilikuwa neno la kwanza ananiambia uso kwa uso tangu tanga la mzee.

Tukacheza mpaka usiku, watoto wakilala mmoja mmoja pale pale. Tuliongea, ila yote ni ya gemu, ruka, lala chini, chukua hiyo S, nyuma yako. Kwenye maporomoko, pale ambapo skrini inamfuata aliye juu, aliyebaki chini anakufa hata kama hajapigwa risasi, alipanda akaniacha nikafa, nikarudi akaniacha tena, na mimi nikakasirika kama zamani, kweli kabisa. Hakunisubiri. Mama akapita akasema mzime taa mkimaliza.

Asubuhi akaondoka na watoto, hakuna aliyetaja kihamba, na mimi mpaka leo sijui kama ilikuwa njia yake ya kusema kitu au alitaka tu tufike mbele. Nimeshaliwaza kwa pande zote mbili.

Mwaka uliofuata akanitumia meseji, mwanae anataka kutengeneza ya kwake, ile kitu inatumia chaja ya ampea ngapi. Nikamjibu mbili na nusu, volti tano, asiweke ya simu. Akajibu, sawa dogo. Kikao cha ukoo kingine ni baada ya Pasaka, wazee wanataka hili jambo liishe.