Aliyekuwa Akitoa Amekufa

Nahodha alikataa kuondoka. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua imelala ubavu kwenye tope, naye amejikalia kivulini anamenya embe. "Tulia, kaka. Bahari haikimbizwi." Mimi subira ilikuwa imeniishia njiani. Nilitoka Mbagala alfajiri ya siku iliyotangulia, basi likapasuka tairi kabla hatujafika Daraja la Mkapa, na pale Nangurukuru tukakaa mpaka jua likatuchosha. Sasa Kilwa Kisiwani iko mbele yangu, naiona kabisa ng'ambo ya mkondo, kibali cha mambo ya kale ninacho mfukoni, na siwezi kwenda.

Jina la Kilwa nililisikia kabla sijajua ramani ni kitu gani. Bibi mzaa mama, mzaliwa wa Liwale, alikuwa na namna moja ya kutunyamazisha tukilia usiku: "Lia tu, watakusikia wakupeleke Kilwa." Hakuwahi kueleza zaidi ya hapo. Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kuelewa kwamba njia ya misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa ilipita huko kwao.

Maji yalipojaa tukavuka. Jengo la kwanza kukupokea ni Gereza, na neno hilo wengi husema tumelitoa kwa Wareno, kwa igreja, yaani kanisa. Waliingia mwaka 1505, wakaupora mji, wakajenga ngome, na kufika 1512 walikuwa wamekwisha kuondoka. Ukuta unaouona leo kwa sehemu kubwa ni wa Waomani. Nilipiga picha mbili nikapita.

Msikiti Mkuu ndio ulionisimamisha. Upande wa kaskazini ni wa karne ya 11, na ule mpana wenye kuba uliongezwa karne ya 14, ukaja kujengwa upya karne iliyofuata. Ndani kuna ubaridi wa pangoni. Nilipitisha kiganja kwenye nguzo nikahisi vijitundu vya tumbawe chini ya chokaa, vidogo kama vya mkate wa kumimina. Kijana aliyekuwa akiniongoza, mzaliwa wa hapohapo kisiwani, akanieleza namna chokaa inavyopatikana. Magogo yanapangwa duara, juu yake linarundikwa tumbawe, moto unawashwa, kisha chokaa inaachwa ipoe na kulainika muda mrefu kabla ya kutumika.

"Na magogo alikuwa anapanga nani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Si mwenye nyumba."

Kutoka hapo hadi Husuni Kubwa ni kutembea kwa miguu, katikati ya mibuyu na mashamba madogo ya muhogo. Kasri limekaa kwenye ukingo wa mwamba, chini yake bahari. Vyumba zaidi ya 100. Alilijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, na inaonekana halikukamilika, wala halikukaliwa kwa muda mrefu. Upande wa kusini kuna ua mpana uliozungukwa na vyumba ambavyo wataalamu wanadhani vilikuwa maghala na sehemu za kufanyia biashara. Upande wa bahari kuna birika la kuogea lenye pembe nane, ngazi zake bado zinashukika. Nilishuka nikaketi kwenye ngazi ya mwisho, nikaanza kuhesabu ndoo. Bomba halikuwepo. Birika lile lilijazwa kwa maji yaliyotekwa na kubebwa na watu, na likichafuka walilimwaga wakaanza tena.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, huyu sultani akiwa hai, akaandika kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Kisa anachokitoa ni hiki. Siku ya Ijumaa, sultani akitoka kuswali, fakiri mmoja kutoka Yemen alimzuia njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi, akabadili, akamwachia. Watu wakashangilia. Mwana wa sultani akazichukua zile nguo kwa yule fakiri, akamfidia watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki hupendwa sana kusimuliwa, nami niliwahi kukisimulia darasani nikakifurahia. Pale birikani kilinikaa vibaya. Watu ishirini walitoka mkono mmoja kwenda mwingine kwa sababu ya kanzu, na katika kisa kizima hakuna hata mmoja wao aliyetajwa jina. Ibn Battuta mwenyewe anasema sultani alikuwa akivamia nchi za bara na kurudi na ngawira. Ukarimu ule ulikuwa na shamba lake, na shamba lenyewe ni kina bibi yangu.

Chanzo kingine cha utajiri wa Kilwa ni dhahabu. Ilichimbwa mbali, nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala, ambayo Kilwa iliitia mkononi. Kilwa haikuwa na mgodi hata mmoja. Ilikaa katikati, ikatoza ushuru kwa kila kilichopita: nguo na shanga zikienda, dhahabu na pembe zikija. Ndipo ikaweza kujenga hivi, kula kwenye vyombo vya China na kupiga sarafu zake za shaba. Kisha akaja aliyekuwa na mizinga. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, na kwa dhahabu hiyo Mfalme Manuel wa Ureno akaagiza chombo cha kanisani kilichomalizika 1506. Kipo Lisbon kwenye makumbusho mpaka leo, na jina la Kilwa limeandikwa juu yake.

Watu hawakuacha kuuzwa. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, aliandikiana mkataba na sultani wa hapa: watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa, piasta 20, sarafu za fedha za wakati ule, kwa kichwa, na piasta 2 za sultani juu yake. Siku hizi tukisema "muungwana" tunamaanisha mtu mwenye adabu. Zamani maana yake ilikuwa mtu ambaye hauziki.

Kurudi tulipitia kijijini. Bibi mmoja alikuwa barazani anasuka ukili, nyumba yake ya miti na udongo, imeezekwa makuti. Karibu na mlango alikuwa ameweka jiwe la kuchongwa, la kukanyagia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka kuyaona magofu?"

Nikamwambia ndiyo, ila nyumba za watu wa kawaida wa zama zile sikuziona.

"Utaziona wapi? Zilikuwa kama hii. Mvua inakula, unakandika tena." Akanitazama. "Kwenu wapi?"

"Liwale, upande wa mama."

Mikono yake ikasimama kidogo kwenye ukili. "Pole na safari," akasema, ingawa salamu hiyo tulikuwa tumekwisha kuipita. Akanipa kipande cha muhogo wa kuchemsha, nikala nimesimama.

Ibn Battuta anamaliza habari ya sultani kwa kusema alirithiwa na ndugu yake, Daud, ambaye hakufanana naye hata kidogo. Akijiwa na mwombaji, alimjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakubakiza cha kutolewa.

Mashua ya jioni ilikuwa na abiria sita na ndoo tatu za pweza. Mwanamke mwenye ndoo mbili alikuwa ameanza kuchokoa miambani tangu maji yalipokupwa, ule wakati mimi nanung'unika kwa nahodha. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Tulipofika Kilwa Masoko, mnunuzi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mzani umening'inia kwenye mti nyuma yake.

"Leo bei gani?" mwanamke akauliza, mguu mmoja bado umo majini.

"Bado sijapigiwa simu," mnunuzi akajibu. "Wewe pima kwanza."

Akapima.