Kutafuta msaada wa afya ya akili Dar: nilianza kwa kuhesabu nauli

Nilipoanza kutafuta, kila niliyemuuliza alinitajia daktari mkubwa. Nilichopima kwanza kilikuwa magari: moja au mawili, na narudi nyumbani saa ngapi? Tiba ya mazungumzo haiishi kwa siku moja. Kikao kimoja ni dakika 45 hadi 60, mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, na mara nyingi vinahitajika vikao 6 mpaka 20. Mtu wa Chanika au Bunju akipangiwa mjini kila Jumanne, foleni ya kwenda na kurudi inamla siku nzima. Kikao cha tatu hakioni, na hapo ndipo wengi tunapopotelea.

Kwa hiyo nilitazama hospitali tatu za rufaa za mkoa kabla ya kuwaza Muhimbili: Amana kwa watu wa Ilala, Mwananyamala kwa Kinondoni, na Temeke, ambayo hata mtu wa Kigamboni anaifikia kwa kupita darajani. Zote zina huduma ya afya ya akili. Muhimbili, pale Upanga, ni ngazi ya taifa. Wapo madaktari bingwa wa magonjwa ya akili na chuo kinachowafundisha, lakini ukienda bila barua ya rufaa, hasa ukiwa na bima, unaweza kurudishwa ulikotoka. Mimi ni wa Tabata, nikachagua Amana. Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko Dodoma. Si lazima mtu wa Dar aende huko ndipo atibiwe, ingawa bado kuna wanaodhani hivyo.

Usiende siku yoyote tu. Kliniki ya afya ya akili ina siku zake, na hazifanani hospitali hadi hospitali. Pita mapokezi siku moja kabla, au mtume mtu, uulize siku, saa ya kufungua faili, na kama unahitaji barua ya zahanati. Dirishani usizunguke. Mimi nilisema, “Sista, naomba kuonana na mtu wa afya ya akili,” nikaelekezwa pale pale. Niliyemtangulia alisema tu kichwa kinamsumbua, akapelekwa kupima malaria. Na usiogope kuonekana kwenye benchi lile. Kwetu wagonjwa wa kifafa nao mara nyingi huhudumiwa kliniki hiyo hiyo, kwa hiyo jirani akikukuta hapo hajui umefuata nini.

Kilichonisaidia kuliko yote ni karatasi moja niliyoiandika usiku kabla ya kwenda. Neno “stresi” halimwambii daktari kitu, na “mawazo mengi” linabeba kila jambo, kuanzia deni la kikoba mpaka sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Andika kwa namba: tangu lini, unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi (mimi niliandika “naamka saa tisa usiku, silali tena, wiki ya tano”), umepungua kilo ngapi, kazini umekosa siku ngapi. Andika dawa zote unazotumia, za duka la dawa, za mitishamba na za mganga, bila kuficha, kwa sababu nyingine zinagongana na dawa za hospitali. Andika pombe kwa idadi ya chupa kwa wiki. Andika kama kuna ndugu aliyewahi kuugua akili au kujiua. La mwisho, andika kama umefikiria kufa. Mdomo huwa mzito kulisema hilo, karatasi hailioni aibu.

Unaweza kupewa dodoso la kupima sonona, maswali 9 kuhusu hali yako ya wiki mbili zilizopita. Lipo kwa Kiswahili na limepimwa kwa Watanzania. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 mtaalamu huchunguza zaidi. Swali la tisa ndilo la kutamani kufa. Ukijibu chochote zaidi ya 0 hapo, liseme kwa sauti pia, usiliache liishie kwenye fomu. Usishangae ukitumwa maabara: tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri na upungufu wa damu huleta uchovu na huzuni inayofanana kabisa na sonona.

Kisha ujue umekaa mbele ya nani. Daktari wa akili anapima na kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba anafanya tiba ya mazungumzo. Muuguzi wa afya ya akili ndiye utakayemwona mara nyingi zaidi, na kwa maoni yangu ndiye anayekufahamu kuliko wote. Afisa ustawi wa jamii anashughulika na familia, na ndiye wa kumwona usipokuwa na uwezo wa kulipa: hupima hali yako na anaweza kupendekeza msamaha. Mwone kabla ya deni kulimbikizana. Nenda na barua ya serikali ya mtaa.

Kwa wataalamu binafsi, kikao kinahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi, na wapo wanaopita laki. Nilipiga simu tatu, nikauliza yale yale: umesomea nini na wapi, unafuata njia gani ya tiba, bei ya kikao, kama bima yangu inapokelewa, na nikikosa siku inakuwaje. Daktari awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Neno “mshauri nasaha” pekee halitoshi, maana linabebwa na mwenye shahada ya uzamili na mwenye semina ya siku tatu. Mmoja niliyekutana naye alitumia nusu ya kikao kuniuliza nasali wapi. Sina ugomvi na maombi, lakini nilikuwa nimelipia kitu kingine. Sikurudi. Kubadilisha mtaalamu baada ya kikao cha kwanza au cha pili si utovu wa adabu.

Dawa zinaangusha wengi kwa sababu ya kalenda. Fluoksetini na wenzake, dawa za sonona, huchukua wiki 2 hadi 4 ndipo nafuu ionekane, ilhali kichefuchefu na kukosa utulivu huja wiki ya kwanza. Mtu anaonja uchungu kabla ya tamu, anaacha. Amitriptilini, nayo ya sonona, hukausha mdomo, huleta usingizi na kufunga choo. Pia ni ya hatari ikimezwa nyingi kwa pamoja, kwa hiyo kwa mtu anayewaza kufa, dawa zitunzwe na ndugu na zitolewe kidogo kidogo. Usiache ghafla ukijiona mzima. Dirisha la dawa likikwambia hakuna, omba cheti cha kununulia nje, na duka likitaka kukupa “inayofanana nayo”, rudi kwanza kwa aliyeandika.

Dharura haingoji siku ya kliniki. Mtu aliyejaribu kujiua, anayetaka kujidhuru, au asiyejitambua apelekwe kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, usiku au mchana, bila rufaa na bila kamba mikononi. Familia nyingi zinaficha kwa sababu kujaribu kujiua kumeandikwa kuwa kosa katika Kanuni ya Adhabu. Mweleze daktari ukweli hata hivyo: aliyemeza sumu ya panya akisemwa ana tumbo, atatibiwa tumbo. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure kupiga, na 116 ni ya watoto.

Kwa anayetumia heroini, njia ni nyingine. Kliniki za methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, zipo Muhimbili tangu 2011, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke. Kwa kawaida dawa hunywewa hapo hapo kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo hesabu ya nauli inakuwa ya siku zote saba.

Ukikosa tarehe uliyopangiwa, usikae nyumbani kwa aibu ukisubiri mwezi mwingine. Nenda siku inayofuata ya kliniki na kadi yako, mwambie sista ulikosa na dawa zimebaki ngapi. Mimi nilikosa mara mbili. Nilichoambiwa ni, “Kaa hapo kaka, utaitwa.”