Chati nasoma yote lakini jicho halijarudi: venye nashona nikiwa na MS

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu, upande wa Kibuye, na niko na MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe inashambulia ganda la neva za ubongo na uti wa mgongo. Jicho la kushoto lilishikwa na uvimbe wa neva, ile ya kuuma ukiligeuza, hadi kitambaa chekundu nikikiangalia na hilo jicho pekee kinakaa kimepauka. Nikawekewa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa dripu, daktari akanieleza mapema kwamba dawa inaharakisha tu kuona kurudi, mwishowe unafika pale pale ungefika bila hiyo dawa, na nilishukuru kuambiwa ukweli. Kuona kukarudi. Kwa chati ya kupima macho nasoma hadi mstari wa 6/6, yaani kama mtu wa macho ya kawaida.

Sasa watu wananiuliza, si umepona? Chati ni herufi nyeusi tititi kwa ubao mweupe pepepe. Kazi yangu mimi ni uzi mweusi kwa sketi ya shule ya bluu nzito, na hapo hilo jicho haliambulii kitu. Neva iko na ganda lake, mayelini, kama plastiki ya waya wa stima, likichubuka habari inachelewa, na nyuzi zingine zinakufa kabisa hazirudi. Skani ya OCT, ile inapiga picha ya ndani ya jicho kwa mwanga, ilionyesha tabaka ya nyuzi nyuma ya jicho la kushoto imekua nyembamba kuliko ya kulia. Halafu kuna kile kipimo unawekewa waya kichwani unaangalia miraba nyeusi na nyeupe ikibadilishana, jicho zima hufikisha habari kwa ubongo kwa kama milisekunde 100 hivi, langu linachelewa, na limebaki hivyo miaka yote.

Huko kuchelewa ndiko kunaniponza barabarani ju boda ikikatiza mbele yangu naiona kama inapinda kuja kwangu, na chai naweza mimina nje ya kikombe. Hali hiyo Mjerumani Carl Pulfrich aliieleza 1922. Mtu wa miwani akaniwekea lenzi ya giza kidogo upande wa jicho zima ndio nalo lichelewe, yaende pamoja, na enyewe imenisaidia sana.

Kitu ingine ni joto. Jua la saa nane la huku likiniingia mwilini ukungu unashuka kwa jicho, si shambulio jipya la MS, nikipoa unaondoka. Kwa hivyo vitambaa vya giza nashona asubuhi, cherehani iko mlangoni, taa imeelekezwa kwa sindano, na kila mshono naupigia kwanza mstari wa chaki nyeupe. Mchana nakata vitenge. Pasi ya makaa nimemwachia mwenzangu. Lakini jicho likianza kuuma tena nikiligeuza, ama ukungu ukipitisha siku nzima na nimepoa, naenda hospitali, singoji.

Na wewe ukiambiwa jicho liko sawa na unajua haliko, omba upimwe na chati ya herufi za kijivu hafifu. Mimi hiyo ndio ilionyesha daktari kile nimekua nikimweleza.