Leso ya bibi

Jana nilipeleka leso ya bibi kwa mama fundi pale Kibuye, pindo limeanza kufumuka. Akaishika kwa vidole viwili, akanusa udi uliobaki kwenye kitambaa, akauliza, "Mwanangu, hii ni ya lini?" Nikajikuta nimevuta kigoda, nikakaa.

Bibi aliletwa Kisumu na ndoa, kutoka Mombasa. Ndiye aliyenifundisha kuisoma leso: pindo kuzunguka, mji katikati, jina, yaani maneno yake, chini. Ya kwake imeandikwa WEMA HAUOZI.

Neno leso ni la Wareno, lenço, kitambaa cha mkononi. Karne ya 19 wanawake wa Pwani, waliozoea kaniki na merikani (ile pamba ya Marekani isiyotiwa rangi), walianza kununua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, wakaunga sita kupata vazi moja. Sita! Kwa mkono! Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza zilizochapwa nzima. Maandishi yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Ukiona "Mali ya Abdulla" pembeni, hiyo imetoka kwa Kaderdina wa Mombasa, duka la tangu 1887. Ya bibi inayo.

Nilibebwa mgongoni kwa leso hii, na wadogo zangu wote.

Mama fundi amelipinda upya kwa uzi mwekundu, akakataa pesa. "Nisalimie bibi," akasema. Bibi alitutoka mwezi wa tatu. Nikaikunja leso, nikamjibu, "Zimefika, mama."