Mega za usiku

Hapa Ndosho, Goma, vijana wengi tunangoja saa sita ya usiku, mega za intaneti zikishuka bei, ndipo tunapakua masomo. Ndiyo maana nimeipenda Usenet, mtandao wa zamani wa kujadiliana kwa kompyuta, tangu nilipoisikia darasani: nayo ilikuwa mtandao wa usiku.

Mwaka 1979, Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitaka kompyuta za vyuo zipashane habari. Arpanet, mtandao wa kompyuta wa serikali ya Marekani, ilikuwepo tangu 1969, lakini ilikuwa ya wenye mikataba na wizara ya ulinzi. Wao wakatumia simu ya kawaida. Kompyuta inapigia mwenzake, zinapeana ujumbe uliorundikana, zinakata. Kisha iliyopokea inapigia ya tatu. Usiku, kwa kuwa mchana simu ilikuwa ghali. Kuna majibu yaliyofika mahali kabla ya swali lenyewe!

Kabla ya hapo, mwaka 1968, wataalamu wa kompyuta wa Marekani J.C.R. Licklider na Robert Taylor walibashiri kwamba baada ya miaka michache watu wangeelewana vizuri zaidi kupitia mashine kuliko uso kwa uso, tena wangekusanywa na mambo wanayoyapenda, si na mahali wanapoishi. Hili la pili Usenet ililitimiza kabisa. La kwanza nalikataa. Watu waligombana humo usiku na mchana.

Na hata lile la pili halitoshi. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka, sikumtafuta mtu anayependa ninachopenda. Nilitaka jirani. Kikundi chetu cha WhatsApp kilijaa sauti: huyu anasema lava iko Buhene, yule anasema imeshaingia uwanja wa ndege, mwingine anauliza tukimbilie Sake ao Gisenyi. Nilisikiliza zaidi wale ninaowajua nyumba zao.

Licklider na Taylor waliuliza pia kama kuunganishwa kutakuwa haki ya kila mtu ao upendeleo wa wachache. Kwangu swali hilo linapita ubashiri wao wote, na watoza bei za mega wangelipaswa kulijibu. Mama muuza makaa wa avenue yetu ana simu ndogo ya vibonyezo, hana kikundi hata kimoja. Usiku ule mdogo wangu ndiye aliyekimbia kumgongea mlango.