Nilivyosaka matundu ya usalama kwenye msimbo wa C kabla ya kuuendesha

Nilikabidhiwa maktaba ya zamani ya C inayosoma mafaili yanayotoka kwa watu wasiojulikana. Waliouandika msimbo huo walishaondoka. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu akituletea faili lililotengenezwa kwa hila, programu italikataa badala ya kuandika mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu. Kuusoma wote mstari kwa mstari haikuwezekana, kwa hiyo nikageukia zana zinazochambua msimbo ukiwa umetulia, bila kuuendesha.

Nilianza na Flawfinder kwa kuwa ni nyepesi na haihitaji maandalizi. Inapekua maandishi, na ikikuta jina la fanksheni yenye historia mbaya inalipatia alama ya hatari, 0 hadi 5. Fanksheni ya gets, inayosoma mstari bila kujali ukubwa wa nafasi ya kuuweka, inapata 5, na inastahili: mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe mwaka 1988, uliingia kwenye mashine nyingi kupitia huduma ya finger iliyoitumia, na sanifu ya C11 ikaja kuifuta kabisa kwenye lugha mwaka 2011. strcpy, inayonakili maandishi bila kukagua nafasi, inapata 4. memcpy, inayonakili idadi ya baiti unayoitaja, inapata 2 tu.

Maonyo yakiwa mengi, wengi hushauri uanze na ya 4 na 5, yaliyobaki uyaweke kando. Mimi siukubali ushauri huo, na sababu yangu ni mistari hii:

int urefu = soma16(p) - 4;
if (urefu > 512)
    return -1;
memcpy(bafa, p + 4, urefu);

Ukiitazama haraka unaona mtu mwangalifu. Bafa, yaani nafasi ya kunakilia, ina baiti 512, na urefu umekaguliwa kabla ya kunakili. Hizo 4 zinazotolewa ni kichwa cha rekodi, kwa sababu namba iliyo kwenye faili inahesabu rekodi nzima pamoja na kichwa chake. Sasa chukua faili linalosema rekodi ina urefu wa 2. Urefu unakuwa -2. Je, -2 ni kubwa kuliko 512? Hapana, kwa hiyo inapita. memcpy lakini haijui namba hasi: inapokea size_t, aina ya namba isiyo na hasi, na kwenye mashine ya biti 64 ile -2 inageuka kuwa 18446744073709551614. Kompaila yenye swichi za maonyo -Wall na -Wextra haikusema neno. -Wsign-conversion ilisema, ila ilikuwa imesema hivyohivyo katika sehemu nyingi mno zisizo na madhara.

Kilichonifikisha kwenye mistari hiyo ni swali moja nililoamua kulishikilia: namba hii imetoka kwa nani? Alama ya hatari ya fanksheni haijibu swali hilo. memcpy inayonakili urefu uliopangwa na mwandishi wa programu ni salama kabisa, na ileile ikinakili urefu uliopangwa na mleta faili ni mlango wazi.

Hapa ndipo nilipokumbuka Heartbleed, tundu la OpenSSL (maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandao) lililotangazwa Aprili 2014. Liliingia na toleo la 1.0.1 la mwaka 2012 na likakaa miaka miwili. Seva ilipokea ujumbe mdogo unaodai kuwa na maelfu ya baiti, ikaamini dai hilo, ikarudisha hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake yenyewe. Coverity, zana yenye heshima kubwa katika fani hii, haikuwa imeliona. Baada ya tangazo, wahandisi wake wakapata wazo ambalo mpaka leo nalisifu: msimbo unapogeuza mpangilio wa baiti ili kupata namba, karibu hakika namba hiyo imetoka kwenye mtandao. Basi ihesabiwe kuwa imechafuliwa tangu hapo, ifuatwe kila inakokwenda.

Maktaba yangu ilikuwa na dalili ileile. Kila namba kutoka kwenye faili ilipitia soma16 au soma32. Zana haikuwa na namna ya kujua kwamba fanksheni hizo mbili ndizo lango, kwa kuwa zilipewa pointa (anwani ya kumbukumbu) tu na zikarudisha namba. Ilibidi niiambie.

Nilitumia CodeQL. Yenyewe inafuatilia kompaila wakati programu inajengwa, inaugeuza msimbo kuwa hifadhidata, halafu unaiuliza. Niliandika kwamba chanzo ni jibu lolote la soma16 na soma32. Kikomo, yaani mahali pa hatari namba inapoishia, ni hoja ya tatu ya memcpy, ukubwa unaopewa malloc (fanksheni ya kuomba kumbukumbu), au faharasa ya safu. Sehemu iliyonichukua muda ni ile ya ukaguzi: ni sharti gani likikutwa njiani linaisafisha namba? Ukisema kila ulinganisho unasafisha, ile if ya 512 inalificha tundu. Nikaweka masharti makali zaidi: kama namba ni ya aina yenye alama ya hasi, kukagua juu peke yake hakutoshi, lazima na chini pakaguliwe.

Orodha iliyorudi ilikuwa fupi kiasi cha kusomeka yote. Mistari ile ilikuwemo, pamoja na ndugu zake katika rekodi za aina nyingine, kwani mwandishi alinakili mtindo mmoja kila alipohitaji.

Sikuliripoti lolote kabla ya kulithibitisha. Nilitengeneza faili dogo lenye urefu wa 2, nikaijenga maktaba na -fsanitize=address, swichi inayoifanya programu ijikague inapogusa kumbukumbu, nikaiendesha. Ikasimama palepale na maneno negative-size-param, yaani ukubwa uliopewa ni hasi. Ukimpelekea mwenye msimbo faili la namna hiyo, hakuna mabishano tena.

Katika kurekebisha, kuna jambo nalisisitiza kwa kila ninayefanya naye kazi: usinyamazishe onyo kwa kuandika (size_t)urefu. Kompaila itatulia na tundu litabaki vilevile. Sisi tuliandika hivi:

size_t jumla = soma16(p);
if (jumla < 4 || jumla > baki || jumla - 4 > sizeof bafa)
    return -1;

Hilo baki, yaani baiti zilizosalia kwenye faili, halikukaguliwa popote hapo awali. Rekodi ingeweza kudai baiti 300 wakati faili limebakiza 10, na maktaba ingesoma kumbukumbu ya jirani. Ni Heartbleed yenyewe, kwa umbo dogo.

-fanalyzer, swichi ya uchambuzi ya kompaila ya GCC iliyokuja na toleo la 10 mwaka 2020, ilinisaidia kwa aina nyingine ya kosa. Ilinionyesha free (fanksheni ya kuachia kumbukumbu iliyoombwa) mara mbili kwenye njia ya dharura: fanksheni ya ndani iliachia kumbukumbu iliposhindwa, na aliyeiita akaiachia tena alipoona imeshindwa. Inapenda kukuhesabia matukio kwa namba, hatua kwa hatua, na kwa makosa ya malloc na free maelezo hayo yanatosha kabisa. Ila kwa kawaida inachambua faili moja moja la msimbo, na soma16 yetu iliishi katika faili jingine. Ndiyo maana tundu la memcpy haikuligusa.

Siku hizi maswali yale ya CodeQL yanaendeshwa kila mtu anapoleta badiliko. Sehemu moja bado inaishinda: jedwali la pointa za fanksheni, linalochagua msomaji kulingana na aina ya rekodi. Uchambuzi unapoteza nyayo pale. Kwa hiyo fanksheni zote zilizomo kwenye jedwali nimeziandika kama vyanzo kwa mkono, na yeyote anayeongeza mpya analazimika kuiongeza na kwenye swali, la sivyo ujenzi unakataa.