Nilivyolifikia jalada langu la kuasiliwa

Shangazi aliropoka siku ya arobaini ya mama: "Huyu alikuja hapa ana miezi saba." Nilikuwa na miaka 34.

Kesho yake nilikimbilia RITA, ofisi ya serikali inayosajili vizazi na vifo, nikidhani cheti changu "cha kweli" kimefichwa kabatini huko. Dada wa dirishani akanielewesha taratibu. Rejista ya watoto walioasiliwa, yaani waliochukuliwa kisheria na wazazi wasiowazaa, ipo kwa Msajili, ila maelezo yanayoiunganisha na kumbukumbu za awali za kuzaliwa hayatolewi bila amri ya mahakama. Na kile cheti nilichosomea na kuchukulia pasipoti si feki hata kidogo.

Kilichoniokoa ni sanduku la mama. Chini ya khanga zake nilikuta bahasha ya kaki yenye amri ya kuasili ya Mahakama Kuu, na juu yake namba ya shauri la mwaka 1990, enzi za sheria ya zamani, kabla ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Usipokuwa na namba hiyo, masijala ya mahakama, wanakotunza majalada, watakuuliza jina ulilopewa ulipozaliwa, na hilo ndilo unalolitafuta!

Nikatafuta wakili wa kuniombea mahakamani nilione jalada. Kiapo, yaani maelezo ya kuunga mkono ombi, nilichokiandika mwenyewe kilikuwa malalamiko matupu. Akafuta karibu chote, akabakiza umri wangu, vifo vya wazazi walionilea, na jambo moja nililoliona dogo: kila nikienda kliniki naulizwa kama kwetu kuna kisukari, sina jibu. Tukaambatisha nakala ya ile amri, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya vifo na kitambulisho cha NIDA. Barua ya serikali ya mtaa nilisema naitaka kwa ajili ya mahakama, basi. Mtaani kwetu ukitaja kuasiliwa asubuhi, jioni hata muuza mihogo anakupa pole.

Siku hizi mashauri ya familia hapa Dar es Salaam yanasikilizwa Kituo Jumuishi cha mahakama, Temeke, si Mahakama Kuu ya Kivukoni nilikokuwa nimejiandaa kwenda. Jalada lenyewe lilichukua miezi miwili kupatikana.

Jaji alinisikiliza faragha. Aliniruhusu kusoma ripoti ya ustawi wa jamii na kulijua jina la mama mzazi, lakini kumtafuta akamwachia afisa ustawi wa jamii, amuulize kwanza kama yuko tayari. Siku ile nilitoka nimenuna. Baadaye nikawaza: huenda ana mume na watoto wasiojua lolote, halafu mimi nibishe hodi mlangoni?

Bado nasubiri jibu lake.

Ripoti ilikuwa kurasa mbili za taipureta. Nyingi zinahusu nyumba, mshahara wa baba, idadi ya vyumba. Ila mstari mmoja afisa ameandika kwamba mtoto ana afya njema na anautema uji wa ulezi. Nikampigia shangazi nikiwa kituoni nasubiri daladala. Akacheka mpaka akakohoa: "Mama yako alihangaika na uji ule! Mwisho akaunywa yeye."